Kusoma nadharia ya taarifa, misimbo na kriptografia chuoni: anza na tokeni ya LUKU

Likizo ya mwaka wa pili nilirudi Tanga na sapu moja, mtihani wa kurudia. Sikumwambia mtu nyumbani. Usiku wa pili umeme ukaisha kwa bibi, Makorora, tukanunua LUKU ya elfu tano kwa simu. Mimi nikawa nasoma namba, bibi anabonyeza rimoti. Kwenye kundi la tatu nikasoma saba mahali pa moja. Mita ikakataa.

Bibi akanigeukia. "Hebu niambie wewe msomi. Hiki kidude namba yangu ndo kwanza kinaipokea. Kimejuaje kama tumekosea?"

Sikuwa na jibu, na hiyo sapu niliyoificha ilikuwa ya somo linalojibu swali lile lile. Fomula nilikuwa nazo zote kichwani, ila sikujua zinafanya kazi gani. Mwongozo huu nimeuandika kwa yule anayeingia semista ya nadharia ya taarifa, misimbo ya kusahihisha makosa na kriptografia, asije akaulizwa na bibi yake akabaki anatazama dari.

Kwanza ifumue tokeni yenyewe

Tokeni ya LUKU ina tarakimu 20. Kila tarakimu ni chaguo moja kati ya kumi, na logi ya 10 kwa kizio cha 2 ni kama 3.32. Zidisha kwa 20, unapata biti 66 na kidogo, biti ikiwa ni chaguo moja la 0 au 1. Mfumo wa kimataifa wa tokeni hizi, unaoitwa STS, unatumia biti 66 kamili. Hiyo ni nadharia ya taarifa: kiasi gani kinaingia kwenye nafasi uliyo nayo.

Kati ya biti hizo, 2 zinaeleza aina ya tokeni na 64 zimefungwa kwa ufunguo wa mita yako, ndiyo maana tokeni ya jirani haikufai hata ukimwomba kwa machozi. Hiyo ni kriptografia. Ndani ya zile 64, biti 24 zinashika dakika tokeni ilipotolewa, 16 zinashika kiasi cha umeme, na 16 nyingine hazibebi habari yoyote mpya. Zimekokotolewa kutokana na zile nyingine, na mita inazikokotoa upya ili ilinganishe. Zisipolingana, inakataa. Ukibahatisha ovyo, nafasi ya kuupita ukaguzi huo peke yake ni 1 kati ya 65,536. Hiyo ni misimbo, na hilo ndilo jibu la bibi.

Unakumbuka mwaka 2024 watu walivyohangaika kuingiza makundi ya tarakimu ishirini ishirini ili kuboresha mita? Sababu ni zile biti 24 za dakika. Biti 24 zinahesabu dakika 16,777,216, yaani karibu miaka 32. Saa ya mfumo ilianza mwaka 1993, ikajaa tarehe 24 Novemba 2024. Piga hesabu hiyo mwenyewe kabla hujaendelea kusoma.

Masomo haya matatu huja kwenye ratiba yakiwa na walimu tofauti, wakati mwingine hata semista tofauti, na mwanafunzi anayasoma kama watu wasiojuana. Yashike hivi: la kwanza linaondoa maneno ya ziada, la pili linarudisha ziada kwa mpango, la tatu linaficha kilichobaki. Swali la mtihani linalopendwa mno ni mpangilio wake: unabana, kisha unafunga kwa ufunguo, kisha unaweka msimbo wa makosa. Ukifunga kwanza, kinachotoka kinafanana na takataka isiyo na mpangilio, na takataka haibaniki. Msimbo unawekwa mwisho kwa sababu kelele inapiga kile kinachosafiri.

Hatua ya 1: hesabu za kushika kabla semista haijafunguliwa

Ni nne tu. Logi, hasa ya kizio cha 2. Uwezekano, mpaka uwezekano wenye sharti uwe hauchezi mkononi. Matriksi. Na hesabu za baki.

Hii ya mwisho Mswahili anaijua tangu utotoni. Saa nane mchana, ya kizungu ni saa ngapi? Nane kuongeza sita ni kumi na nne, toa kumi na mbili, inabaki mbili. Umeshafanya hesabu ya moduli 12. Ukiingia kwenye misimbo, saa hiyo inakuwa na namba mbili tu, 0 na 1, na moja kuongeza moja inarudi sifuri. Witiri na shufwa ulizofundishwa shule ya msingi ndizo zinazoendesha nusu ya somo, kwa hiyo usione aibu kurudi huko.

Kama ulisoma PCM na Advance haikukutoa jasho, wiki mbili zinatosha. Kama ulitokea kwingine, tenga likizo nzima. Maktaba ya mkoa asubuhi kuna utulivu, na jioni upepo wa Raskazone unakusubiri.

Hatua ya 2: daftari la maneno

Lekcha ni Kiingereza, mtihani ni Kiingereza, lakini kichwa chako kinafikiri Kiswahili. Nunua daftari dogo. Kila neno jipya liandikie maana kwa Kiswahili chako mwenyewe, hata kama si sanifu. Langu lilianza hivi: entropia ni kiasi cha mshangao kwa wastani, chaneli ni njia inayochafua, ufunguo ni kitu pekee kinachopaswa kuwa siri. Neno "kodi", kwa maana ya "code", niliacha kulitumia baada ya mjomba kuniuliza kama nimeajiriwa na TRA. Tumia "msimbo".

Hatua ya 3: nadharia ya taarifa, na wino wa kutosha

Claude Shannon alikuwa Bell Labs, Marekani, alipochapisha makala yake mwaka 1948. Alichokifanya ni kupima habari kwa namba bila kujali inasema nini. Jambo ulilolijua tayari halina habari. Jambo lisilotarajiwa lina habari nyingi.

Lugha yetu inakufundisha hili bure. Katika neno la Kiswahili, ukiona c, herufi inayofuata ni h. Hiyo h haikuambii kitu, ni biti sifuri. Na tazama upatanisho: "Vikombe vyetu viwili vizuri vimevunjika." Habari ya kwamba ni vingi imetajwa mara tano. Piga simu kwa mvuvi aliye baharini, upepo ukila nusu ya maneno, bado utajua kilichovunjika ni vikombe na si kikombe. Wazee wetu waliiweka ziada hiyo kwenye sarufi kabla Shannon hajazaliwa, ila hawakuiandikia fomula.

Zoezi la wiki ya kwanza: chukua ukurasa mmoja wa gazeti la Kiswahili, hesabu kila herufi, andika jedwali la uwezekano, kokotoa entropia. Utaona a inaongoza kwa mbali. Litunze jedwali hilo, utalihitaji kwenye kriptografia, kwa sababu ndilo linalovunja mafumbo ya kubadilisha herufi kwa herufi.

Kisha Huffman. Alikuwa mwanafunzi wa MIT mwaka 1951 pale mwalimu wake, Robert Fano, alipowapa uchaguzi wa kuandika kazi ya semista au kufanya mtihani. Aliandika kazi, na njia aliyoibuni ikaipita ya mwalimu. Fanya mfano mdogo kwa mkono. Chukua neno WANATANGA: A nne, N mbili, W, T na G moja moja, jumla tisa. Unganisha mbili zenye idadi ndogo, andika jumla yake, rudia mpaka kibaki kitu kimoja. Ukianza na W na T (2), kisha G na N (3), kisha hayo mawili (5), kisha A (9), A inapata biti moja na zilizobaki biti tatu tatu. Jumla biti 19. Kama ungempa kila herufi biti tatu sawa, ungetumia 27. Sasa kokotoa entropia mara tisa: 18.53 hivi. Kwa mgao huo wa herufi, msimbo wa herufi kwa herufi hauwezi kushuka chini ya hapo, na Huffman amekaribia kupagusa. Mara ya kwanza nilipoona 19 na 18.53 zimekaa jirani kwenye karatasi yangu ndipo nilipoelewa entropia ni nini hasa. Kabla ya hapo ilikuwa alama ya sigma tu.

Uwezo wa chaneli ndipo wengi wanapopotelea. Chukua njia inayogeuza biti moja katika kila kumi. Entropia ya 0.1 na 0.9 ni 0.469, uwezo ni 1 kutoa hiyo, yaani 0.531. Tafsiri yake: kwa kila biti mia unazotuma, takriban 53 zinaweza kuwa habari safi, na makosa ukayapunguza utakavyo. Linganisha na ujanja wa kurudia kila biti mara tatu na kufuata wengi. Makosa yanashuka kutoka 0.1 hadi 0.028, lakini umelipa theluthi mbili za nafasi yako na bado hujafika. Shannon alithibitisha kwamba misimbo bora ipo. Namna ya kuitengeneza hakutuachia, na miaka 45 ikapita mpaka misimbo ya turbo ya mwaka 1993 ilipofika karibu na mpaka huo.

Hatua ya 4: misimbo, kwa vizibo saba vya soda

Richard Hamming, naye wa Bell Labs, alikuwa akiiachia mashine kazi mwishoni mwa wiki. Jumatatu akirudi anakuta ilisimama kwa kosa moja, imetupa kazi yake. Akajiuliza: kama inatambua kuna kosa, mbona isitambue liko wapi? Jibu lake lilichapishwa mwaka 1950.

Okota vizibo saba. Kikitazama juu ni 1, chini ni 0. Nafasi 1, 2 na 4 ni za ukaguzi, na 3, 5, 6 na 7 ni za habari. Tuseme habari yako ni 1011, weka 1 nafasi ya 3, 0 ya tano, 1 ya sita, 1 ya saba. Kanuni ni kwamba kila kundi liwe na idadi shufwa ya moja:

Kundi la kwanza: nafasi 1, 3, 5, 7. Kundi la pili: 2, 3, 6, 7. Kundi la nne: 4, 5, 6, 7. Jina la kila kundi ni nafasi yake ya ukaguzi, ndiyo maana hakuna la tatu.

Nafasi ya 1 inakuwa 0, ya 2 inakuwa 1, ya 4 inakuwa 0. Mezani una 0110011. Geuka, mwambie rafiki apindue kizibo kimoja chochote. Tuseme kapindua cha sita, sasa ni 0110001. Kagua. Kundi la kwanza shufwa, la pili witiri, la nne witiri. Jumlisha majina ya yaliyoharibika, 2 na 4, unapata 6. Kirudishe.

Mchezo huu niliufanya barazani Ngamiani, wazee wakaacha bao kwa dakika kumi nzima, na mmoja akaapa kwamba nina mtu ananikonyeza. Kisha akapindua viwili kimya kimya, cha tatu na cha sita. Hesabu ikanipeleka nafasi ya 5, nikakigeuza, na vibovu vikawa vitatu. Mzee alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Lakini ndipo nilipojua kwa mwili, si kwa nadharia, kwamba msimbo wenye umbali wa chini wa 3, yaani maneno yake yoyote mawili halali yanatofautiana nafasi tatu au zaidi, unasahihisha kosa moja, na makosa mawili unayatambua tu kama umeamua kutosahihisha chochote. Katika mtihani, swali la "unasahihisha mangapi na kutambua mangapi" linaangusha watu kila mwaka kwa sababu wanayachukua yote mawili kwa pamoja.

Baada ya Hamming, ziandike kanuni hizo tatu kama matriksi ya safu tatu na nguzo saba. Utaona nguzo ni namba 1 hadi 7 kwa mfumo wa mbili. Ukiliona hilo, sura ya misimbo ya mstari imekwisha nusu.

Reed-Solomon, ya mwaka 1960, iende polepole. Inataka hesabu za fildi zenye namba chache, yaani mifumo midogo ya namba ambamo unajumlisha, unatoa, unazidisha na kugawa bila kutoka nje, na hapo wengi wanakariri bila kujua. Wazo lenyewe ni jepesi: nukta mbili zinatosha kuchora mstari ulionyooka. Ukituma sita za mstari huo huo na mbili zikaharibika njiani, bado hakuna mstari mwingine unaopita kwenye nukta nyingi kama ule wa kweli. Badilisha mstari kwa polinomia, umepata wazo zima. LDPC na misimbo ya polar, aina nyingine mbili za misimbo zinazotumika kwenye 5G, pitia kwa kifupi, isipokuwa mwalimu wako ameipa kipaumbele.

Hatua ya 5: kriptografia, na hofu ya kujiamini

Ukikulia Pwani umewahi kusema kinyume. "Leta chumvi" inakuwa "tale mvichu", mgeni hashiki kitu. Siku atakapojua kwamba silabi ya mwisho inatangulia, siri zote mlizowahi kusema zimekwisha, za jana na za kesho. Kanuni aliyoiandika Kerckhoffs mwaka 1883 inasema kinyume cha kinyume: mchukulie adui kuwa anajua mbinu yako yote, usalama ubaki kwenye ufunguo peke yake. AES, mbinu ya kufunga iliyopitishwa kuwa kiwango mwaka 2001, iko wazi kwa kila mtu kuisoma na bado inalinda benki.

RSA, mbinu yenye funguo mbili, wa wazi wa kufunga na wa siri wa kufungua, ifanye kwa namba ndogo mpaka vidole vizoee. Namba tasa 5 na 11, zao lake 55. Toa moja kwa kila moja, zidisha: 4 mara 10 ni 40. Chagua 3 iwe ufunguo wa wazi. Wa siri ni 27, kwa sababu 3 mara 27 ni 81, na 81 ukigawa kwa 40 inabaki 1. Tuma ujumbe 7: 7 kwa kipeo cha 3 ni 343, baki ya 55 ni 13. Kufungua ni 13 kwa kipeo cha 27, na hapa usiguse kikokotoo. Pandisha kwa mraba: 13 kwa kipeo cha 2 inabaki 4, cha 4 inabaki 16, cha 8 inabaki 36, cha 16 inabaki 31. Kwa kuwa 27 ni 16 na 8 na 2 na 1, zidisha 31, 36, 4 na 13 huku ukichukua baki kila hatua. Inarudi 7. Ukimaliza hakiki kwa Python, pow(13, 27, 55). Funguo za kweli zina biti 2048 na kuendelea, na ujumbe huongezewa vijazo kabla ya kufungwa, kwa hiyo usimwambie mtu kwamba ulichofanya kwenye daftari ni salama.

Mambo matatu yanayochanganywa: kusimba ili kompyuta ielewe hakufichi kitu, heshi (muhtasari mfupi unaokokotolewa kutoka kwenye ujumbe) hairudi nyuma, na kufunga kwa ufunguo kunarudi kwa mwenye ufunguo tu. Ziandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Na hapa ndipo masomo yanapogombana. Kelele haina nia mbaya, mwizi anayo. Msimbo wa ukaguzi unaokamata kosa la kidole haumkamati mtu anayebadilisha ujumbe kwa makusudi, kwa sababu anaweza kuukokotoa upya au kuurekebisha. WEP, ulinzi wa mwanzo wa Wi-Fi, ilitegemea ukaguzi wa aina hiyo, CRC, kuwa mlinzi, na hilo likawa mojawapo ya matundu yake. WEP nayo iliufunga ukaguzi huo, ila biti moja moja, hivyo mwizi aliweza kugeuza biti ya ujumbe na za ukaguzi bila kufungua kitu. Mita ya LUKU inaponea kwa kuwa habari na ukaguzi wake vimefungwa kama bunda moja: gusa biti moja iliyofungwa, zote zinavurugika.

Hatua ya 6: ratiba na pasti pepa

Sapu yangu ilitokana na desa. Nilikusanya maswali ya miaka mitano na majibu yake, nikakariri, mwalimu akabadilisha namba na nikapotea. Pasti pepa fanya hivi: swali jipya, karatasi tupu, dakika thelathini, bila jibu karibu. Ukishindwa, soma mstari mmoja tu wa jibu, funga, endelea.

Kundi la msuli lisizidi watu wanne, na kila mmoja afundishe uthibitisho mmoja kwa wiki, amesimama, bila notisi. Thibitisho za kujua kwa moyo si nyingi: entropia haizidi logi ya idadi ya matokeo, ukosefu wa usawa wa Kraft (sharti la urefu wa misimbo kama ya Huffman), mpaka wa Hamming (msimbo unaosahihisha makosa unaweza kuwa na maneno mangapi kwa wingi), na kwa nini RSA inafungua kile ilichofunga. Ile ya Shannon ya chaneli yenye kelele jua mtiririko wake. Wachache wanadaiwa kuiandika yote.

Bumu, ile hela ya mkopo, likitoka, printi notisi kabla hujanunua kitu kingine. Kusoma matriksi kwenye simu iliyopasuka kioo ni adhabu.

Hatua ya 7: mradi

Ukipewa uhuru wa kuchagua, fanya majaribio ya QR. Msimbo wa QR unatumia Reed-Solomon, na una viwango vinne vya kustahimili uharibifu, takriban asilimia 7, 15, 25 na 30. Tengeneza ujumbe mmoja kwa viwango vyote vinne, printi, kata vipande vya karatasi vya sentimita moja, funika kidogo kidogo huku ukijaribu kusoma kwa simu. Andika ni wapi kila kimoja kinakata roho. Miraba mitatu ya kona usiifunike: hiyo inaisaidia kamera kupata msimbo, na Reed-Solomon haiilindi, ukiiziba simu haitasoma hata kiwango cha juu.

Mimi nilifanya hivyo likizo iliyofuata, kwenye meza ya bibi, yeye akishika tochi maana umeme ulikuwa umeisha tena. Nikanunua, nikamsomea tarakimu, na kwenye kundi la tatu akasimama, kidole juu ya kitufe.

"Hapa ni moja au saba?"

Nikatazama tena. Ilikuwa moja.